Mawe ya Bwana Foleni

Hata duka likiwa tupu, alipanga foleni. Naapa. Nimekaa nyuma ya meza yangu, hakuna mteja hata wa kununua kalamu, naye anaingia, anasimama hatua mbili kutoka mezani, mikono mgongoni, anasubiri niseme "anayefuata." Nisiposema, hasogei. Siku za mwanzo nilidhani ananitania, nikamwacha asimame nione atafika wapi. Alisimama mpaka nikaona aibu mwenyewe. "Haya, anayefuata," nikasema, na yeye akatazama nyuma kwanza, kuhakikisha hampiti mtu, ndipo akasogea na flashi yake mkononi.

Huyo ndiye Bwana Foleni. Jina la kwenye vyeti alikuwa nalo, na mimi nimelichapa mara nyingi kuliko mkewe alivyolitamka, lakini Kigongo nzima, Busisi ng'ambo, mpaka madereva wa Geita, walimjua kwa hilo la Foleni. Kwa miaka mingi kabla ya daraja, kazi yake ilikuwa kupanga magari na watu waliosubiri kivuko cha kwenda Busisi. Halafu, akiwa mtu mwenye wajukuu, akaingia chuo kusomea shahada ya mipango miji. Tasnifu yake ya kuhitimu niliichapa mimi, kwenye steshenari yangu hapa Mwanza mjini, na mikono hii ndiyo iliyoijalidi kwa jalada gumu jeusi. Kama kuna mtu ana haki ya kumsimulia ni mimi, na asiyekubali aje nimwonyeshe nakala.

Nilimfahamu muda mrefu kabla ya flashi. Mama yangu aliuza matobolwa pale Kigongo, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika tunavyokula na chai, na kila abiria aliyekwama kwenye foleni alikuwa mteja wake. Kwa hiyo sauti ya Bwana Foleni niliisikia kabla sijajua kusoma. Alikuwa na filimbi shingoni na kizibao cha rangi ya machungwa kilichofifia hadi kikawa rangi isiyo na jina. Magari yalipoanza kusukumana, hakukimbia wala hakutukana. Alitembea taratibu mpaka kwenye dirisha la dereva mkorofi, akainama, akasema, "Simama pako kwanza, tutaongea." Maneno hayo tu. Nimewaona madereva wa malori, watu wenye shingo nene kama kisiki, wakirudisha gari nyuma kimya kimya.

Sheria yake ilikuwa fupi. Mgonjwa kwanza, msiba wa pili, mifugo ya tatu, wengine wote kama mlivyokuja. Watu waligombana naye zaidi kwa hiyo ya mifugo. Iliwahi kuja harusi, magari yana riboni na honi zinalia, bibi harusi ndani na shela lake, wanataka wapite mbele. Bwana Foleni akaliweka mbele yao lori la ng'ombe. Mjomba wa bibi harusi akashuka, suti ya kijivu, jasho linamtoka.

"Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua. Wewe ni wa kumi na moja."

Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba akauliza kwa nini ng'ombe awe na heshima kuliko bibi harusi, na Bwana Foleni akamjibu kwamba ng'ombe hawezi kushuka garini kununua soda. Kisha, na hili wengi hawalisimulii, akaenda mwenyewe kununua soda mbili za baridi, akampelekea bibi harusi dirishani, akamwambia, "Pole mwanangu, bila wewe hawaanzi."

Sasa mtu huyo huyo, aliyewasubirisha watu juani maisha yake yote, hakuweza kusubiri karatasi itoke kwenye printa! Aka! Karatasi ikianza kuchungulia tu, anaivuta. Mashine ikakwama mara ngapi sijui. Nilimpiga marufuku kukaribia ile meza, nikamwekea kiti mbali kabisa, mlangoni, na bado alikuwa ananyoosha shingo kama kuku aliyeona mahindi. Na kuchelewa! Bwana wa foleni alichelewa kila mahali. Alichelewa vipindi, alichelewa semina, alichelewa hadi siku ya kupigwa picha ya kitambulisho. Nikimuuliza anasema, "Nilikuwa napisha watu." Huko barabarani alikuwa anawapisha watu wote wa Mwanza, mmoja mmoja.

Kwa nini mtu wa umri ule aende kukaa darasani na vijana? Alinieleza mara moja tu, tena akiwa amenipa mgongo. Daraja lilikuwa linajengwa, nguzo zinaonekana majini, na kijana mmoja mpimaji akaja kivukoni na ramani. Bwana Foleni akaomba aione. Akatafuta pale wanapokaa akina mama wa samaki, wa mahindi, wa chai. Palikuwa peupe.

"Na hawa wako wapi?" akauliza.

"Hawamo, mzee. Hakuna kitu pale, ni eneo wazi."

Akina mama walikuwa wamesimama nyuma yao wakisikia, mabeseni kichwani. Kijana hakuwa mbaya, alisema Bwana Foleni, alikuwa anasoma tu kilichoandikwa. Lakini usiku ule, eti, alikosa hamu ya kula. Mwaka huo huo akajiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Watu walimcheka. Mama yangu hakucheka. Alimwambia, "Nenda ukasome hiyo ramani, halafu urudi uichore upya." Mama hakuishi kuona akirudi.

Chuoni vijana walimwita Babu, na aliitika bila kinyongo. Msimamizi wa tasnifu yake alikuwa mwalimu wa kike, daktari wa hayo mambo ya miji, umri wa bintiye wa pili. Hapo palikuwa na kituko kila wiki. Bwana Foleni anagonga mlango, mwalimu anasimama, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Wakishamaliza hapo, Bwana Foleni anavua kofia, anainamisha kichwa, anasema, "Haya mwalimu, nimekuja kusahihishwa." Alisema heshima mbili hazigombani, kila moja ina zamu yake. Na mwalimu alimsahihisha kweli kweli, kwa wino mwekundu. Karatasi zilikuja dukani kwangu zimepigwa mistari ungedhani kuku kachinjwa juu yake.

Alikuwa anataka ufaulu wa juu. Hakuficha. Wazee wengine hujifanya hawajali alama, wamekuja "kupanua mawazo." Yeye alizitaka alama kama anavyozitaka mtoto wa darasa la saba. "Nikifaulu kwa kuvutwa mkono," aliniambia, "watasema walinionea huruma. Na nilichoandika hakitasomwa."

Alichoandika kilihusu mawe, na hapa lazima nieleze kidogo. Pale kivukoni hapakuwa na vibanda vyenye namba wala vibali. Kila mfanyabiashara alikuwa na jiwe lake, la ukubwa wa kukalia, na jiwe likishakaa, nafasi ina mwenyewe. Augue mwezi mzima, asafiri, ajifungue, akirudi anakuta jiwe lake na nafasi yake. Hakuna anayeligusa jiwe la mwenzake. Na mwenye jiwe akifa, jiwe linabaki palepale mpaka mtoto wake au ndugu yake aje alinyanyue kwa mkono wake mwenyewe. Bwana Foleni hakulianzisha jambo hili. Alilikuta, akalilinda kwa filimbi yake.

Daraja lilipofunguliwa, foleni ikafa siku hiyo hiyo. Magari yanapita juu, hayasimami. Ikasemwa kwamba soko jipya litajengwa kando ya barabara ya darajani, na nafasi zitagawiwa. Swali likawa zitagawiwa kwa nani. "Watapewa walioandikwa kwenye karatasi," Bwana Foleni aliniambia. "Hawa wameandikwa kwenye mawe." Kwa hiyo sura ya nne ya tasnifu yake ilikuwa orodha ya mawe yote, moja baada ya jingine kuanzia majini, likoje, la nani, tangu lini, na ramani inayoonyesha kila moja lilipo. Bila sura hiyo, ofisi yoyote ingepatazama pale na kuona eneo wazi kama yule kijana.

Mimi nachapa, sisomi. Ndivyo ninavyowaambia wateja wanaoona aibu na kazi zao, na huwa ni kweli, macho yanaona herufi tu. Nilichapa mawe kumi na sita hivyo. Sangara wa kukaanga, dagaa, nyanya, chai. Nikafika la kumi na saba. "Jeupe, lina ufa katikati. La muuza matobolwa. Marehemu. Nafasi haijachukuliwa." Vidole vikasimama. Nililijua lile jiwe, nimelikalia nikila uji. Tangu tumzike mama sikuwa nimekanyaga Kigongo. Nilikuwa napita juu ya daraja kwenda Sengerema kwa shangazi, na kila tukipita nilikuwa nageuza uso kutazama upande wa pili. Niliwaambia wateja waliokuwepo kwamba umeme unasumbua, nikafunga duka, nikalia.

Wiki iliyofuata Bwana Foleni akaja. Akasimama hatua mbili, nikamwita, akasogea. Uso wake haukuwa wake.

"Futa sura ya nne," akasema.

"Nifute?"

"Yote. Mwalimu amesema mawe si takwimu. Mtu yeyote anaweza kuokota jiwe akasema ni lake. Amesema nikiiacha hivi watanikamata kwenye utetezi, na mimi, binti yangu, sina miaka ya kurudia."

"Sifuti."

"Kazi ni yangu."

"Na mashine ni yangu."

Nilikuwa nimesimama. Alikuwa mzee wangu, rafiki wa mama yangu, mtu niliyekuwa nampigia magoti nikiwa mdogo, na nilimpandishia sauti mbele ya mwanafunzi aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. "Ulijua nitalichapa mimi la kumi na saba! Ulijua, hukuniambia kitu, sasa unakuja hapa unasema futa?"

"Nilijua," akasema taratibu. "Nilitaka ulikute kwenye nafasi yake." Halafu akaokota kofia yake aondoke.

"Simama pako kwanza," nikamwambia, "tutaongea."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alisimama kweli. Nikamuuliza swali ambalo mtoto yeyote wa Kigongo angemuuliza. Zamani, mtu akija na kudai nafasi mbele, ulikuwa unajuaje kama anasema kweli?

"Namuuliza aliye mbele yake na aliye nyuma yake."

Yule mwanafunzi wa cheti akatutazama mmoja mmoja. Bwana Foleni akachukua flashi yake mezani na akatoka mbio, bila kumpisha mtu.

Alikaa Kigongo majuma mawili. Alipita kila jiwe na daftari, akamhoji mwenye jiwe, kisha aliye upande wa majini, kisha aliye upande wa barabara, kila mmoja peke yake, asisikie mwenzake. Wanaojua kuandika wakasaini, wasiojua wakaweka dole gumba. Mawe mawili yalikutwa na madai ya uongo, na aliyaandika hivyo hivyo, moja likiwa la shemeji yake. Ugomvi wa nyumbani uliofuata sitausimulia. Aliporudi nikaanza kuchapa sura ya nne upya, na kwenye la kumi na saba nikakuta ushahidi wa mama wa sangara na wa mama wa mahindi ya kuchoma, walioulizwa kila mmoja peke yake, wamesema jambo moja. "Nafasi ni ya mama wa matobolwa. Ana binti, yuko Mwanza mjini. Hajaja."

Hajaja. Nimechapa barua za kufukuzwa kazi na za kuvunja ndoa, lakini neno lile lilinichoma kuliko yote.

Mwalimu wake aliisoma sura ile, na safari hii wino mwekundu uliandika maneno mawili tu pembeni, "Sasa ndiyo." Bwana Foleni alinionyesha ukurasa ule mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu alikuwa ameshasahau kwamba alinionyesha mara ya pili.

Siku ya kuitetea, nilikwenda. Sababu niliyojipa ni kwamba nakala zilikuwa kwangu, naye kama kawaida yake alikuwa amechelewa kuzifuata. Alikuwa amevaa tai, na chini ya tai niliona kamba ya filimbi. Nikakaa nyuma kabisa. Walimu walikuwa watatu, na mmoja alikuwa mgeni kutoka chuo kingine, mwembamba, miwani puani, wa kuogopesha. Akainua ramani ya mawe, akaigeuza huku, akaigeuza kule.

"Mzee wangu, kaskazini iko wapi hapa?"

Jamani! Nilitamani sakafu inimeze. Miaka yote ile chuoni, na alikuwa ameichora ramani na ziwa likiwa juu ya karatasi, wakati ng'ambo ya Busisi iko magharibi. Mimi niliichapa, wala sikuliona kosa, kwa sababu na mimi ni mtoto wa pale.

Bwana Foleni akaitazama ramani kama anaiona mara ya kwanza. Akasema, "Mwalimu, hapo nimekosea, nitarekebisha. Lakini pale Kigongo hakuna aliyewahi kusimama akitazama kaskazini. Wote tulitazama maji."

Wakacheka, hata yule wa miwani. Kisha akaacha kucheka. "Na hili la kumi na saba. Mwenyewe amefariki. Kwa nini hukuliondoa kwenye hesabu, uwape walio hai?"

"Kwa sababu foleni si yangu, mwalimu. Mimi naipanga tu. Mwenye nafasi akichelewa, sina ruhusa ya kumfuta. Nina kazi ya kumngoja."

Hakugeuka kunitazama. Angegeuka ningetoka nje.

Alifaulu, na kwa ufaulu alioutaka. Mwalimu wake alimkumbatia mbele za watu, akasema "Shikamoo, baba" huku analia, na Bwana Foleni akajibu "Marahaba" huku na yeye analia, na mimi nikajifanya napanga nakala. Kesho yake alikuja dukani tugeuze ramani, kaskazini ikae juu. Ziwa likahamia kushoto. "Sasa hivi ukiitazama shingo inauma," alilalamika. Nikamjalidia nakala tano, nikamwonya asiandike chochote humo, jalada lile si la daftari la dukani. Nakala moja aliipeleka kwenye ofisi ya mipango. Nasikia alikuta chumba hakina mtu isipokuwa karani, akakaa kwenye benchi mpaka alipoitwa.

Miezi ikapita nisimwone. Halafu, wiki tatu zilizopita, ukaja ujumbe wake kwenye simu yangu. "Jumamosi tunahama. Njoo."

Nilishuka Usagara nikachukua bodaboda mpaka kivukoni. Feri haipo. Maji yametulia, na juu magari yanapita bila kusimama. Akina mama walikuwa wamesimama mstari mmoja kutoka majini mpaka barabarani, kila mmoja pembeni ya jiwe lake, na mbele yao Bwana Foleni, filimbi mdomoni, tasnifu kwapani. Uwanja wa soko jipya ulikuwa umepimwa kwa kamba na vigingi, na vigingi vilifuata orodha yake. Akaita namba, aliyeitwa akanyanyua jiwe lake, akalibeba juu ya kilima kidogo, akaliweka penye kigingi chake, na wengine wakapiga vigelegele. Mmoja mmoja. Hakuruka mtu.

"Kumi na saba!"

Hakuna aliyesogea. Wakanitazama. Mama wa sangara akaniambia polepole, "Liko palepale, mwanangu. Tulikuwa tunalifagilia."

Niliinama nikalinyanyua. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka. Mama wa mahindi akaja kunisaidia, na filimbi ikalia. "Mwacheni. La mkono wake." Nikapanda nalo, limenibana tumbo, kandambili zinateleza, machozi yananitiririka bila mkono wa kuyafuta. Nikaliweka, ufa ukitazama maji, kama alivyoliweka mama.

Nilipoinuka, Bwana Foleni alikuwa amesimama mbele yangu na nakala yangu nzuri, yenye jalada jeusi, ameifungua sura ya nne. Akachomoa kalamu mfukoni. Nikataka kumkemea. Akakata neno "hajaja," akaandika juu yake kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wake mbaya, "amekuja."

Kisha akapuliza filimbi.

"Kumi na nane!"